Kuchagua na Kuunda Modeli ya Ndege: Somo la Skeli katika Uwanda wa Ufipa

Uwanda wa Ufipa umeinuka baina ya maziwa mawili. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki liko Bonde la Rukwa, na ziwa lake liko kwenye mita 800 hivi. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 1974, uko juu ya uwanda wenyewe, kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi. Katika nchi ya namna hii, yenye miteremko mikali na masika marefu, ndege imekuwa chombo cha manufaa. Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, na kwa miaka mingi ndege zimetumika kuwatafuta nzige hao na kuwanyunyizia dawa kabla hawajaunda makundi ya kuhama.

Hata hivyo, mwanafunzi wa sekondari huiona ndege ikiwa angani, au ikiwa imesimama mbali nyuma ya uzio. Ni nadra kupata nafasi ya kusimama chini ya bawa lake na kulipima. Modeli ya plastiki, ile inayouzwa vipande vipande ndani ya kisanduku ili mnunuzi aiunde mwenyewe, yaweza kuziba pengo hilo. Lakini seti ya namna hiyo aghalabu huagizwa kutoka mbali, na bei yake si ndogo kwa mfuko wa shule. Zaidi ya hayo, vipande vikishagandishwa haviachani tena bila kuvunjika. Kwa sababu hizo mwalimu hana budi kujua mambo mawili kabla ya kununua: modeli hiyo itajibu swali gani, na majibu yake yanaweza kuaminiwa kwa kiasi gani.

SKELI NI NINI?

Skeli ni uwiano baina ya urefu wa modeli na urefu wa kitu halisi. Modeli ya skeli ya 1/72 ina maana kwamba kila sentimita moja ya modeli inasimama badala ya sentimita 72 za ndege yenyewe. Skeli zilizoenea zaidi kwa ndege ni 1/144, 1/72, 1/48 na 1/32.

Mwanafunzi aliyelelewa katika mfumo wa mita atauliza: kwa nini 72, na si 50 au 100? Jibu limo katika vipimo vya Kiingereza vya zamani. Futi moja ina inchi 12, na futi sita zina inchi 72. Kwa hiyo skeli ya 1/72 ni inchi moja kwa kila futi sita. Kwa njia hiyo hiyo, 1/48 ni inchi moja kwa kila futi nne, na 1/144 ni inchi moja kwa kila futi kumi na mbili. Nchini Uingereza seti za Frog Penguin zilizotoka mwaka 1936 zilitumia skeli ya 1/72. Zilitengenezwa kwa asetati ya selulosi, plastiki yenye tabia ya kujikunja kadiri miaka inavyopita. Kampuni ya Airfix ilipotoa ndege yake ya Spitfire mwaka 1953 kwa skeli hiyo hiyo, ilitumia polistirini, na plastiki hiyo ndiyo inayotumika hata leo. Wako waliojaribu vipimo vya makumi, kama kampuni ya Tamiya ya Japani iliyopata kutoa ndege za 1/100, lakini desturi ya inchi na futi haikung'oka.

Ili darasa lionje maana ya skeli, yafaa kwanza kuitumia kwa vitu vinavyojulikana. Kwa skeli ya 1/72, mtu mwenye urefu wa mita 1.70 huwa na sentimita 2.4. Ilungu, lile tanuri refu la udongo ambalo wahunzi wa Kifipa walilitumia kuyeyushia chuma, likiwa na kimo cha mita tatu huwa na sentimita 4.2. Njia ya kurukia ndege yenye urefu wa mita 1,500 huwa na mita 21, hivyo yaweza kuchorwa kwa chokaa katika uwanja wa shule. Na mteremko unaoshuka mita 1,000 kutoka uwandani hadi Bonde la Rukwa ungekuwa ukuta wa karibu mita 14, ambao ni mrefu kuliko paa la madarasa. Mwanafunzi akiiweka modeli yenye upana wa kiganja chini ya ukuta huo wa mawazo, ataanza kufahamu kazi iliyo mbele ya rubani anayepanda kutoka bondeni.

KUCHAGUA: SWALI HUTANGULIA KISANDUKU

Seti nyingi madukani ni za ndege za kivita, kwa kuwa hizo ndizo zenye wanunuzi wengi. Picha iliyo juu ya kisanduku huvutia macho, lakini haifai kuwa msingi wa uamuzi. Mwalimu aanze na swali la somo. Tuseme swali ni hili: ndege ya namna gani hufaa kwa viwanja vifupi vilivyo mahali pa juu kama Ufipa?

Kwa swali hilo ndege ya DHC-6 Twin Otter ni mfano mwema. Iliundwa Kanada na kampuni ya de Havilland Canada, ikaruka kwa mara ya kwanza mwezi Mei mwaka 1965. Shirika la Ndege la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa East African Airways, lilizitumia ndege hizo kwa safari za viwanja vidogo. Kampuni ya Matchbox ya Uingereza ilitoa seti ya Twin Otter kwa skeli ya 1/72, na baadaye kampuni ya Revell ikaitoa tena kutoka katika kalibu zile zile.

Twin Otter ya aina ya 300 ina upana wa mita 19.81 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na urefu wa mita 15.77. Eneo la mabawa yake ni mita za mraba 39, na uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 5,670. Tukigawa uzito kwa eneo, tunaona kwamba kila mita ya mraba ya bawa hubeba kilo 145. Tuilinganishe na Fokker F27, ndege iliyotumiwa na East African Airways na baadaye na Shirika la Ndege la Tanzania. Mabawa yake yana upana wa mita 29 na eneo la mita za mraba 70, na uzito wake wa juu hukaribia kilo 20,400. Hapo kila mita ya mraba hubeba takriban kilo 290, yaani maradufu. F27 hubeba abiria wengi zaidi na huenda kasi zaidi, lakini huhitaji mbio ndefu zaidi ili kunyanyuka.

Jambo hili huzidi uzito katika mwinuko wa Sumbawanga. Kwa hewa ya kawaida, densiti usawa wa bahari ni kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, ambapo kwenye mita 1,800 ni kama kilo 1.03, yaani pungufu kwa asilimia 16. Mchana wa jua kali upungufu huo hukua zaidi, kwa sababu hewa yenye joto hutanuka. Kani inayoinua bawa hutegemea densiti ya hewa na kipeo cha pili cha kasi. Kwa hiyo, ili kupata kani ile ile, ndege haina budi kufikia kasi kubwa zaidi kwa asilimia 9 hivi. Na kwa kuwa umbali wa kukimbia hufuata kipeo cha pili cha kasi, njia inayohitajika hurefuka kwa karibu asilimia 19, hata kabla ya kuhesabu nguvu ambayo injini nazo hupoteza katika hewa nyepesi. Ndiyo maana ndege ya uwanja mfupi hupewa mabawa mapana ukilinganisha na uzito wake. Twin Otter imeongezewa pia vibawa vya nyuma vinavyoteremshwa katika urefu wote wa bawa ili kuongeza kani ya kuinua wakati wa kasi ndogo. Mambo hayo yote yanaonekana kwa macho na kugusika kwa kidole katika modeli: bawa lililonyooka juu ya kiwiliwili, pangaboi zilizo mbali na changarawe, na magurudumu imara yasiyokunjwa.

Baada ya kuchagua ndege, mwalimu achague skeli. Twin Otter kwa 1/144 ina upana wa sentimita 13.8. Ni rahisi kuihifadhi, lakini wanafunzi arobaini hawataona kitu kutoka viti vya nyuma. Kwa 1/72 ina sentimita 27.5, na kwa 1/48 ingekuwa na sentimita 41. Kwa darasa, 1/72 ni ya wastani mwema. Ndege kubwa za abiria, kama Boeing 737, hutolewa sana kwa 1/144 kwa kuwa kwa skeli kubwa zingejaza meza. Kanuni moja isivunjwe: modeli zinazokusudiwa kulinganishwa ziwe za skeli moja. Twin Otter ya 1/72 ikiwekwa kando ya Boeing ya 1/144, macho yatadanganywa, kwani Twin Otter itaonekana kubwa kuliko ndege inayoizidi kwa kila kipimo.

Mwisho, seti yenyewe ichunguzwe. Je, vipande ni vingapi? Kwa anayeanza, vipande 50 hadi 100 vinatosha. Je, mistari ya maungio imechongwa kwa wembamba? Mstari wenye upana wa nusu milimita kwenye modeli ni sawa na ufa wa milimita 36 kwenye ndege halisi, na hakuna fundi atakayeiruhusu ndege yenye nyufa hizo iruke. Je, kalibu ni ya zamani? Kalibu iliyochakaa huacha plastiki ya ziada pembezoni, na kazi ya kuikwangua huwa kubwa.

PLASTIKI NA GUNDI YAKE

Polistirini ni plastiki inayolainika kwa joto na kuwa ngumu tena inapopoa. Kiwandani huyeyushwa na kusukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu za chuma, ndipo vipande hutoka vikiwa vimeshikamana na vijiti vilivyopitisha plastiki hiyo. Densiti yake ni gramu 1.05 kwa sentimita ya ujazo, hivyo kipande chake huzama majini polepole sana. Huanza kulegea inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa hiyo bawa lililopinda laweza kunyooshwa kwa kulitia katika maji ya moto, kulikandamiza taratibu juu ya ubao na kuliacha lipoe. Sumbawanga maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Hata hivyo, joto hilo lakaribia mno kiwango cha kulegea, basi maji yaepuliwe na yaachwe yapoe kidogo kabla ya kutumika. Kwa sababu hiyo hiyo modeli isiachwe juani nyuma ya kioo cha dirisha.

Gundi ya modeli si kama ulimbo au gundi ya karatasi, ambayo hukaa katikati ya vitu viwili na kuvishika. Hiyo ni kiyeyushi, kama vile butanoni au tolueni. Huyeyusha tabaka jembamba la plastiki pande zote mbili. Molekuli ndefu za upande huu hupenya na kusokotana na za upande ule. Kisha kiyeyushi huvukiza, na mahali palipokuwa na vipande viwili pakabaki kipande kimoja. Ni kazi inayokaribiana na kuunga chuma kuliko kubandika. Mambo mawili hufuata kutokana na maelezo hayo. La kwanza, gundi haishiki penye rangi, basi maungio yakwanguliwe kwanza. La pili, gundi nyingi si uimara bali ni uharibifu, kwani huyeyusha na kile kilichokusudiwa kubaki.

Mvuke wa viyeyushi hivi hudhuru mapafu, ini na ubongo, na hushika moto upesi. Kazi ifanyike penye madirisha wazi, mbali na jiko, mshumaa na kibatari. Chupa ifunikwe kila baada ya kutumiwa, na ihifadhiwe na mwalimu mwenyewe chini ya kufuli. Kuinusa kwa makusudi kumepata kuua vijana katika nchi nyingi.

KUIUNDA

Kazi huanza kwa kusoma maelezo yote hadi mwisho kabla ya kukata kipande hata kimoja. Vipande vioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ili kuondoa mafuta ya kalibu. Kila kipande kikatwe kutoka kwenye kijiti chake kwa kisu kikali, kisivunjwe kwa mkono, kisha alama ilainishwe kwa msasa mwembamba. Kila ungio lijaribiwe likiwa kavu kabla ya kutiwa gundi.

Kabla ya kufunga nusu mbili za kiwiliwili, Twin Otter hudai hesabu moja ya fizikia. Ndege hii ina gurudumu moja chini ya pua na mawili chini ya mabawa. Modeli yake, ikiachwa tupu, huweza kuketi kwa mkia. Tuseme modeli ina uzito wa gramu 60, na kitovu cha uzito kiko sentimita 1 nyuma ya magurudumu makuu. Momenti inayoangusha mkia ni 60 × 1 = 60. Ikiwa nafasi iliyomo puani iko sentimita 7 mbele ya magurudumu hayo, uzito wa kusawazisha ni 60 ÷ 7, yaani gramu 8.6. Chubwi ndogo za ndoana, zile wanazotumia wavuvi wa Rukwa, zenye jumla ya gramu 12 zitatosha na kubakiza akiba. Anayesahau hatua hii hatapata nafasi ya pili, kwa sababu pua ikishafungwa haifunguki.

Rangi nayo ina skeli yake. Tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na unene wa milimita 7.2 kwenye ndege halisi. Kwa hiyo ipakwe mara mbili au tatu kwa wembamba, kila tabaka likauke kwanza. Picha za kubandika kwa maji zinazotoka kiwandani mara nyingi ni za mashirika ya ng'ambo. Wanafunzi wanaotaka ndege ya Tanzania watachora wenyewe twiga wa mkiani na herufi za usajili zinazoanza kwa 5H. Herufi yenye kimo cha nusu mita itakuwa na milimita 7.

MODELI ISICHOWEZA KUSEMA

Modeli nzuri husema kweli kuhusu umbo. Haisemi kweli kuhusu uzito wala uimara, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Urefu ukigawanywa kwa 72, eneo hugawanywa kwa 72 × 72, yaani 5,184. Na ujazo hugawanywa kwa 72 × 72 × 72, yaani 373,248. Kwa hiyo Twin Otter ya kilo 5,670, kama ingepunguzwa kwa uaminifu pamoja na injini, mafuta na abiria wake, ingekuwa na gramu 15 tu, na mabawa ya sentimita za mraba 75. Mzigo wa kila mita ya mraba ya bawa ungeshuka kutoka kilo 145 hadi kilo 2. Vitu vidogo hubebwa na hewa kwa urahisi kuliko vikubwa vyenye umbo lile lile. Nzige hahitaji njia ya kurukia.

Modeli ya plastiki ikiwekwa kwenye mizani ya maabara itaonekana kuwa nzito kuliko gramu 15. Sababu ni unene wake. Ukuta wa plastiki wa milimita 1 ungekuwa bati la milimita 72 kwenye ndege halisi, na ndege ya bati nene hivyo isingeweza kunyanyuka. Uhandisi wa ndege kwa sehemu kubwa ni sanaa ya kupata uimara kutoka katika wembamba, na jambo hilo modeli hulificha.

PASIPO NA SETI

Kukosa seti si kukosa somo. Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliziomba shule za sekondari za nchi hiyo zitengeneze modeli 500,000 za ndege kwa mbao, kwa skeli ya 1/72, za kuwafundishia askari kutambua ndege za rafiki na za adui. Modeli iliyowekwa mita 11 kutoka kwa mtazamaji huonekana kwa ukubwa ule ule wa ndege iliyo mita 800 angani. Vijana waliozichonga walikuwa na michoro, kisu, msasa na vipimo vya kadibodi vya kuhakikisha kila pembe.

Watoto wa Ufipa wanaounda magari na ndege kwa mabua ya mahindi na waya tayari wana mikono yenye ustadi. Kinachokosekana ni rula na uwiano. Mchoro wa pande tatu wa Twin Otter, ubao laini na jedwali la vipimo vilivyogawanywa kwa 72 vitatoa modeli inayofundisha kama ile ya dukani, na katika kuieleza njia ya kufikia umbo itafundisha zaidi.

MAZOEZI KWA DARASA

1. Pima upana na urefu wa modeli, uzidishe kwa 72, ulinganishe na vipimo halisi. Modeli yenye upana wa sentimita 27.2 badala ya 27.5 ina kosa la asilimia ngapi?

2. Gawa kipeo cha pili cha upana wa mabawa kwa eneo lake, kwa Twin Otter na kwa F27. Ni bawa gani lililo refu na jembamba zaidi?

3. Maporomoko ya Kalambo, kusini mwa Ufipa, yana kimo cha zaidi ya mita 200. Yangekuwa na kimo gani kwa 1/72? Na kwa 1/144?

4. Tafuta kitovu cha uzito cha modeli kwa kuisawazisha juu ya penseli mbili, kisha kokotoa uzito unaohitajika puani.

Majibu yaandikwe katika kadi na kuwekwa chini ya modeli: jina la ndege, skeli, kipimo halisi, kipimo kilichopatikana, na kosa kwa asilimia. Modeli isiyopimwa ni pambo la kabati. Ikishapimwa na kosa lake likajulikana, imekuwa chombo cha maabara, na shule itakitumia kwa miaka mingi.